Waya Uliopita Chini ya Dashibodi

20 Oktoba

Daftari jipya, kama kila msimu wa mavuno. Shayiri ya upande wa mashariki imegeuka rangi. Garth, mume wa binti yangu, ametafuna punje tatu akiwa amesimama shambani, akatema, akasema, "Bado siku nne." Kila mwaka husema siku nne.

Mimi ninaishi nyuma ya banda la mashine, katika nyumba ya vyumba viwili waliyonijengea mke wangu alipofariki. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na sita katika shule ya mjini kwetu, kwa hiyo nusu ya wanaume wanaovuna katika wilaya hii walikaa mbele yangu wakichora saketi kinyume. Mpaka leo wananiita Mwalimu, hata wale wenye wajukuu.

Mwaka huu Garth amenipa kazi, ya kwanza tangu mwaka juzi nilipogusa mashine ya kuvuna nikaiharibu, ikalala siku mbili. Nipitishe waya wa umeme kutoka kwenye betri ya pikapu hadi ndani kwa dereva, ulishe redio ya mawasiliano na friji ndogo ya maji. Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha.

22 Oktoba

Kazi ya waya imekwisha. Naiandika yote, kwa sababu imefanyika inavyotakiwa.

Betri ya gari ina nguvu ya kuyeyusha spana. Watu hawaamini, kwa kuwa wanaweza kuishika kwa mikono mitupu wasihisi kitu. Ndiyo maana kitu cha kwanza baada ya betri, kabla waya haujaenda mbali, ni fyuzi. Nimeweka ya ampea kumi na tano, shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Waya ukichubuka popote huko mbele na kugusa chuma cha gari, fyuzi inakatika na kila kitu kinanyamaza. Cha pili ni lile bati linalotenga injini na miguu ya dereva. Ukilitoboa na kupitisha waya hivihivi, ukingo wa tundu ni kisu, na barabara zetu zitausugua waya juu yake mpaka uwe uchi. Nimetoboa, nimelainisha ukingo kwa tupa, nimepaka rangi, nimevalisha tundu pete ya mpira. Waya unapita katikati bila kugusa chuma.

Garth alikuja na chai yake akasimama akitazama.

"Mzee, hii ni saa ya tano uko kwenye kazi hii. Ni waya wa redio, siyo umeme wa mji mzima wa Adelaide."

"Ndiyo maana hautakusumbua."

"Jirani yetu Wendell wake ameupitisha dirishani."

"Wendell darasani nilimpa alama kumi na tisa kwa mia."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye buti.

Chini ya dashibodi nilifanya kwa kupapasa. Pale lazima ulale chali juu ya kizingiti cha mlango, kichwa kwenye pedali, na mgongo wangu haukubali tena. Vibanio vya plastiki viliniishia karibu na pedali ya klachi. Nikausukuma waya nyuma ya mkono wa pedali, ukatulia wenyewe.

24 Oktoba

Wameanza shayiri. Vumbi mpaka ndani ya sukari.

26 Oktoba

Jumapili, hakuna anayevuna. Pasta ameomba mvua isinyeshe. Mwezi wa saba alikuwa akiiomba kwa machozi.

30 Oktoba

Nyuzi thelathini na nane. Saa nane mchana sauti ya Wendell Jaensch, jirani yetu wa kaskazini, ilisikika kwenye redio zote: "Simameni. Wote simameni." Mashine zikazimwa mpaka upeo wa macho, moja baada ya nyingine, na vumbi lao likatua.

Wendell ndiye mwenye kipima upepo. Joto, ukavu na upepo vikijumlishwa vikapita kiasi tulichokubaliana, cheche moja ya beringi inatosha kuchoma wilaya. Basi yeye anasema neno moja na watu wanasimama, hata aliyebakiza mistari miwili. Hakuna polisi anayekuja kuhakikisha. Anayeendelea kuvuna baada ya wito watu hawamtukani; wanaacha tu kumpungia mkono barabarani, na huku kwetu mtu asiyepungiwa mkono anaweza kuhama.

Kwa hiyo redio ndani ya pikapu si pambo. Janelle, binti yangu, ndiye anayekaa humo karibu na shamba linalovunwa, tangi la maji na pampu nyuma yake, akisubiri moto usiokuja. Redio ya kwenye mashine ya Garth ilikufa mwaka jana, na mpya haijafika. Akisikia wito, Janelle anamwashia mumewe taa.

4 Novemba

Fyuzi ya waya wangu imekatika. Redio na friji vilinyamaza Janelle alipokuwa akivuka matuta ya bwawa. Nimeweka nyingine ya ampea kumi na tano, vyote vikarudi. Nilimweleza Garth wakati wa chakula kwamba fyuzi haikatiki kwa kuchoka. Hukatika kwa sababu. Aliitikia kwa kichwa huku akitazama anga.

5 Novemba

Shayiri imekwisha. Kesho ngano.

8 Novemba

Siku ya aibu.

Upepo wa kaskazini uliamka saa sita. Saa saba kasoro Wendell alitoa wito; mimi niliusikia kwenye redio ya jikoni. Nilitoka nje nikitazamia kuona mashine yetu ikisimama. Haikusimama. Ilikwenda mpaka mwisho wa shamba, ikageuka, ikarudi. Nilimpigia Janelle simu. Kule bondeni simu hazishiki. Nilichukua gari langu dogo na kwenda, na nilipofika Wendell alikwisha fika, mlango wa gari lake wazi, kofia mkononi.

"Dakika arobaini, Garth! Dakika arobaini unavuna peke yako kama mfalme!"

"Sikusikia, Wendell. Naapa."

"Mkeo ana redio!"

"Imekufa," Janelle akasema kutoka dirishani. Uso ulikuwa umemwiva. "Taa yake haiwaki. Nilidhani mko kimya tu."

Wendell aliitazama redio, kisha akanitazama mimi. "Nani alifunga waya huu?"

"Mimi," nikasema.

"Ahaa." Akavaa kofia. "Basi nami nakupa kumi na tisa kwa mia, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Fyuzi ilikuwa imekatika tena.

9 Novemba

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Wakati wa chai mke wa Wendell alimsalimu Janelle kwa adabu mno.

10 Novemba

Nimeikagua pikapu asubuhi nzima. Pete ya mpira kwenye bati ni nzima kama siku nilipoivalisha. Waya ndani ya sehemu ya injini hauna mchubuko. Sehemu ya chini ya dashibodi sikuiona. Niliinama, mgongo ukanikamata, nikabaki nimeshika mlango mpaka maumivu yakapungua. Lakini pale hakuna ukingo wa kukata kitu, nilipitisha mwenyewe.

Nikaona pia kwamba Garth ameunganisha taa ya kazi kwenye waya huohuo bila kuniambia, kwa kusokota nyaya na kuzizungushia tepu. Nikapata mshtakiwa.

"Nimekagua waya wote," nilimwambia. "Tatizo ni taa yako."

"Taa ya ampea tatu, Mzee?"

"Muungano ule ni wa kishenzi. Unaweza kuwa unagusa popote."

Akaiondoa taa mbele yangu, taratibu, kwa koleo. Garth akikasirika huwa na adabu. Zamani nilidhani ni unyenyekevu.

13 Novemba

Nyuzi arobaini. Hakuna upepo. Kondoo wamesimama, kila mmoja kichwa chake kivulini mwa mwenzake.

17 Novemba

Imekatika tena. Taa haipo, sasa tufanyeje na mshtakiwa? Mara hii Janelle aligundua mapema, kwa sababu tangu siku ile hutazama taa ya redio kila dakika, kama mtu anayemtazama mgonjwa akipumua. Garth alibadili fyuzi mwenyewe shambani. Nilipoanza kumweleza namna ya kuitafuta hitilafu kwa kuugawa waya nusu kwa nusu, aliinua mkono.

"Mzee. Siyo leo."

Nimeanza kumwona kuwa mtu mkaidi. Janelle anasema Garth hajalala vizuri tangu Wendell aje.

19 Novemba

Kishikizo cha fyuzi kimezungushiwa tepu nyeusi, tabaka nyingi. Nilikiona Garth alipofungua boneti kuongeza maji.

"Hiyo ya nini?"

"Vumbi," akasema, akafunga boneti.

20 Novemba

Sikuweza kustahimili. Nilimkuta bandani akitia grisi.

"Garth, chini ya tepu ile kuna nini?"

Hakunitazama. "Seng'enge."

Kwa asiyejua watu wetu nitaeleza. Hapa kila kitu kinaponywa kwa kipande cha seng'enge ya uzio. Lango, bomba la moshi, kiti cha trekta, miwani ya baba mkwe wangu mpaka alipozikwa nayo. Mtu aliyekwama njiani akajiokoa kwa seng'enge husifiwa mezani mwaka mzima. Kwa hiyo mkono wa Garth ulikwenda ulikozoea kwenda. Lakini seng'enge mahali pa fyuzi ni waya usiokatika kamwe. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba ampea mia tatu zitapita humo bila kupepesa, kwamba waya mzima utakuwa mwekundu kama kaa la moto, kwamba fyuzi ndiyo kitu pekee ndani ya gari kilichoundwa kufa kwa niaba ya vingine. Nilisema mengi. Aliendelea kutia grisi.

"Umemaliza, Mzee?"

"Bado."

"Nisikilize na mimi basi. Fyuzi ikikatika, redio inakufa. Redio ikifa, sisikii wito. Nisiposikia wito nikaunguza shamba la Wendell, watoto wangu wataishi wapi? Uliniambia umeukagua waya wote. Uliniambia ni taa. Nikatoa taa. Sasa kama waya ni mzima, seng'enge itadhuru nini?"

Hapo palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Niliiona nafasi hiyo wazi kabisa, kama unavyoliona pengo kwenye uzio. Nikasema, "Kanuni ni kanuni."

"Jumapili," akasema. "Jumapili tutaufungua pamoja mwanzo mpaka mwisho. Zimebaki siku mbili za ngano. Naomba usiguse pikapu mpaka Jumapili."

Nikaahidi.

21 Novemba

Saa moja asubuhi. Nyuzi thelathini na moja tayari. Upepo kutoka kaskazini, mkavu, unanukia mawe.

25 Novemba

Sasa naweza kushika kalamu.

Ijumaa ile wito wa Wendell ulitoka saa tano na robo. Redio ya pikapu ilifanya kazi bila kasoro. Nilimsikia Janelle kwenye redio ya jikoni kwangu, sauti yake safi: "Tumesikia, Wendell. Namwashia taa sasa hivi." Baada ya dakika mbili: "Amezima. Namfuata Garth, tunarudi kula. Asante, Wendell." Na Wendell, kwa mara ya kwanza tangu siku ya aibu: "Asanteni nyie." Nikaweka birika jikoni.

Halafu redio ikatoa sauti kama kitambaa kinachochanwa, na kimya.

Moshi wa mabua huwa mweupe au wa rangi ya maziwa, hata watoto wetu wanaujua. Huu niliouona dirishani ulianza mweusi. Ni mpira na plastiki vinavyotoa moshi mweusi. Nilijua kabla sijafika mlangoni, na kujua hakukunisaidia chochote.

Garth ndiye aliyeniambia mengine, akiwa amekaa kwenye ngazi yangu jioni yake, nyusi zimeungua. Janelle alikuwa akija kwake polepole, gia ya pili, ndani ya ngano ambayo haijavunwa, maana ndiyo njia fupi. Alikanyaga klachi ili abadili gia. Garth aliona mwanga miguuni pake, anasema, kama mtu amewasha kiberiti ndani ya sanduku. Kisha hakumwona kwa moshi. Gari liliendelea kutembea. Janelle alifungua mlango akaanguka, lakini mguu wa kushoto ulichelewa. Ulikuwa bado kwenye klachi, na hapo ndipo moto ulipozaliwa.

Garth alimbeba mpaka kwenye ardhi iliyokwisha vunwa. Ilibidi achague, kwa sababu lita mia sita za maji na pampu yake zilikuwa juu ya lile gari linalowaka, na gari lilikuwa likijiendesha lenyewe ndani ya ngano yetu, likiwasha moto kila lilipopita. Kile tulichokiweka pale kizime moto ndicho kilichoutembeza. Wendell na wengine kumi na wanne walifika na matangi yao ndani ya robo saa. Waliuzuia barabarani saa tisa alasiri. Hekta mia nne na ushee za ngano, kilomita sita za uzio, kondoo wa Wendell mia moja na tisini walioungua, ambao wanawe walitumia jioni yote kuwapiga risasi wasiteseke.

Janelle alichukuliwa kwa ndege hadi Adelaide. Garth alimfuata kwa gari usiku uleule, na yuko naye. Mguu chini ya goti madaktari hawajasema.

26 Novemba

Hakuna habari.

27 Novemba

Hakuna habari. Nimelisha mbwa mara mbili kwa kusahau.

28 Novemba

Nimelitembelea gari. Limesimama pale lilipoishia, kwenye kona ya uzio, jeupe kwa majivu. Viti na mlango vimeungua, kwa hiyo hakuna tena haja ya kulala chali; unaweza kusimama nje na kuona kila kitu chini ya dashibodi.

Tundu la bati ni duara safi. Hapo waya, ingawa mpira wake umeungua, haujaliwa hata uzi mmoja. Mbele yake, shubiri mbili, mkono wa pedali ya klachi una mfereji uliong'arishwa, mwembamba, wa upana wa waya. Waya wenyewe pale umeyeyuka ukawa kitone cha shaba kilichoshikamana na chuma. Kila Janelle alipokanyaga klachi, tangu tarehe ishirini na mbili Oktoba, mkono ule ulikuwa ukiusugua waya wangu mara moja kwenda na mara moja kurudi. Kibanio kimoja cha plastiki kingeuvuta pembeni. Fyuzi zililisema jambo hili mara tatu, kwa sauti ya juu, nami nilimfundisha kila mtu maana ya fyuzi isipokuwa mimi mwenyewe.

Nilikigusa kitone cha shaba kwa ukucha. Sikukiondoa. Niliwaza kukiondoa.

2 Desemba

Afisa wa zimamoto alikuja kutoka Adelaide, mama mmoja mpole mwenye buti kubwa. Alipata seng'enge kwenye kishikizo, haikuungua, akaitia katika mfuko wa plastiki. "Hii ndiyo," akasema. "Mengine ni matokeo." Aliniuliza kama mtu alimwonya mwenye gari. Nikasema ndiyo, nilimwonya. Akaandika. Hakuuliza kingine, nami sikuongeza.

Ni kweli kila neno nililosema.

7 Desemba

Kanisani walinipa nafasi mbele. Wendell alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, tumesikia ulimwambia. Siku moja kabla! Angekusikiliza tu."

"Alikuwa na sababu zake," nikasema.

"Una moyo mzuri wewe kumtetea."

Mke wake alinikatia keki kipande kikubwa. Nilikila. Garth alikuwa Adelaide. Nilipotaja jina lake watu walitazama vikombe vyao. Nimeelewa kwamba akirudi hakuna atakayempungia mkono, na kwamba atalikubali jambo hilo kwa adabu yake ileile.

10 Desemba

Wamekata mguu, chini ya goti. Janelle alinipigia mwenyewe. Alisema, "Baba, usilie, nitapata pikapu ya gia za otomatiki."

13 Desemba

Garth amekuja kuchukua nguo. Amekonda. Alikula mkate na nyama ya kondoo baridi mezani kwangu akiwa amesimama.

"Anakuulizia," akasema. "Nimemwambia ulinikataza. Nimemwambia yote, seng'enge, tepu, yote."

"Alisemaje?"

"Hajasema. Anatazama ukuta."

Aliosha sahani yake. Mgongo wake ukiwa umenielekea, nikasema: "Garth, chini ya dashibodi sikukagua. Nilikudanganya. Waya ulikuwa unasuguliwa na klachi, na mimi ndiye niliyeuweka hapo."

Maji yaliendelea kutiririka. Nilikuwa na mengi ya kuongeza kuhusu mgongo, vibanio, uwezekano. Nikayaacha mdomoni.

Akafunga bomba. Akapangusa mikono, bado amenipa mgongo.

"Lini ulijua?"

"Tarehe ishirini na nane."

"Siku kumi na tano." Akageuka. Sijapata kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na sitaeleza. "Nimemwomba msamaha kila asubuhi, Mzee. Kila asubuhi, na hajibu. Kwa siku kumi na tano umeniacha peke yangu mle chumbani."

"Ndiyo."

"Mimi niliweka seng'enge. Hiyo ni yangu, sitakupa. Lakini hii ni yako, na mimi sitakubebea. Kesho saa kumi na moja alfajiri naondoka. Kama unakuja, uwe getini."

14 Desemba

Nilikuwa getini saa kumi na nusu. Saa nne za barabara, hatukuwasha redio. Tulipopita shamba la Wendell, alikuwa akifungua lango lake. Alinitambua, akainua mkono. Garth hakuinua wake. Mimi pia sikuinua.

Janelle alikuwa ameegemezwa mito, blanketi limelala tambarare mahali ambapo lilipaswa kuinuka. Garth alibaki mlangoni. Akasema, "Baba yako ana neno," akaegemea ukuta, akakunja mikono.

"Kaa upande huu nikuone, Baba," Janelle akasema.

Nikakaa. Nikaanza na mgongo wangu, jinsi ulivyonikamata asubuhi ile. Nikaona uso wake ukianza kunihurumia, nikanyamaza, nikaanza upya.

"Janelle," nikasema, "nilisema nimeangalia. Sikuangalia."